Mlio wa umeme ndani ya albamu: kisa cha wawili wa Kigoma

Kisa hiki ni cha albamu ya kwanza ya vijana wawili wa Kigoma, mmoja wa gitaa, mwingine wa kinanda na kinasa sauti. Wanapiga muziki ambao huku kwetu haujazoeleka: ambienti iliyochanganyika na posti-roki. Hakuna ngoma, hakuna kiitikio, na katika dakika zote 43 sauti ya mtu husikika mara moja tu. Wameniruhusu kukisimulia bila kuwataja majina, kwa kuwa albamu bado haijaachiwa na kuna mambo ambayo hawajamalizana. Mimi kazi yangu ni kurekodi kwaya. Waliniita nikae nao kwenye kumiksi kwa sababu kila waliyempelekea kazi aliirudisha ikiwa imekufa. Naandika kwa kuwa kilichotaka kuiua albamu hii kinaua kazi nyingi za hapa nchini: mazoea ya kusafisha sauti na kuipandisha kabla ya kusikiliza kazi yenyewe inataka nini.

Kwa asiyeufahamu muziki huu, niseme machache. Mwingereza Brian Eno ndiye aliyelieneza jina la ambienti kwa albamu yake ya mwaka 1978, muziki wa taratibu unaokaa na msikilizaji bila kumng'ang'ania. Posti-roki ni jina lililopata nguvu mwaka 1994 kupitia maandishi ya mchambuzi Simon Reynolds, naye wa Uingereza, aliyekuwa akieleza bendi zilizoshika vyombo vya roki lakini zikavitumia kutengeneza rangi ya sauti badala ya roki yenyewe. Na huko Austin, Texas, kundi la Stars of the Lid lilionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba watu wawili bila dramu wanaweza kujaza albamu kwa magitaa yaliyovutwa mpaka usiyatambue.

Wawili wetu hawakuanzia huko. Mpiga gitaa amekulia kwenye kwaya ya kanisani na kwenye sebene za Kikongo, ambazo Kigoma tunazisikia kama za nyumbani; Kongo si iko ng'ambo tu ya ziwa. Mtu aliyelelewa na sebene haogopi kurudia. Alichofanya ni kuchukua kipande kifupi cha sebene, akakipunguza mwendo hadi kikapoteza uchezaji wake, akakiweka kwenye pedali ya kurudiarudia. Kipande hicho kina urefu wa sekunde 17. Mwenzake akaweka cha kinanda chenye sekunde 23. Vikianza pamoja, havikutani tena mwanzoni mpaka zipite sekunde 391, yaani dakika 6 na sekunde 31. Wimbo wa pili wote umesimama juu ya hesabu hiyo: unaanza, vipande vinaachana, kila mara vinaangukiana kwa namna nyingine, na siku vinapokutana wimbo unakuwa umekwisha. Eno naye alitumia njia ya aina hii kwa mikanda ya sumaku yenye urefu tofauti. Hawa waliifikia kwa kuchezea pedali, na mimi naona ndiyo sababu haisikiki kama kitu cha kuigiza.

Mlio

Tatizo lilianzia chumbani. Walirekodi eneo la Mwanga, hapa Kigoma mjini, kwenye chumba cha kupanga, usiku, bodaboda zikishapungua na kabla ya adhana ya alfajiri. Gitaa lao ni la bei nafuu, lenye pikapu (vinasa-mlio vya gitaa) za koili moja, aina inayodaka kila kinachopita kwenye nyaya za nyumba. Ukilichomeka kwenye amplifaya, kabla hujagusa waya hata mmoja, unasikia mngurumo. Umeme wetu unakwenda kwa mizunguko 50 kila sekunde, na unachokisikia ndiyo mizunguko hiyo: hezi 50, na juu yake 100, 150, 200, 250. Kwenye bongo fleva au kwaya haikusumbui sana, biti au waimbaji wanaufunika. Lakini katika muziki ambao noti moja inaachwa ififie yenyewe kwa sekunde 20, hakuna cha kuufunika.

Prodyuza wa kwanza alifanya ambacho wengi wetu tungefanya. Alichukua sehemu yenye mngurumo mtupu, akaifundisha programu kwamba huu ni uchafu, akaiamuru iutoe kwenye albamu nzima. Mngurumo ulitoka. Pamoja nao zikatoka zile noti zinazofifia, kwa sababu gitaa likishafika mwisho wa noti linakuwa dogo kama mngurumo na linakaa kwenye hezi zilezile. Programu haina namna ya kujua kipi ni waya wa gitaa na kipi ni waya wa ukutani. Kila noti ikawa inakatwa karibu na mwisho, kama mtu aliyezibwa mdomo katikati ya neno. Vijana waliisikiliza mara moja wakazima.

Aliyepata njia ni mpiga kinanda. Alifungua kwenye simu ile programu ya kutunia gitaa, akaisogeza karibu na amplifaya iliyokuwa ikinguruma tu. Ikamwonyesha G iliyopanda kidogo. "Kaka, huu mlio una noti," akamwambia mwenzake.

Na ni kweli. Noti ya G ya chini kabisa iko kwenye hezi 49. Mlio wetu uko 50. Tofauti hiyo ni kama theluthi moja ya nusu-toni, ile hatua ndogo kabisa kati ya kitufe na kitufe cha kinanda. Hezi 100 na 200 ni G hiyohiyo kwa juu, 150 inaangukia kwenye D, 250 inakaribia B. Kwa maneno mengine, ule uchafu ni kodi kamili ya G, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja kwa kupatana, iliyopanda kidogo tu. Badala ya kuuondoa, wakaamua kuitunia albamu nzima kwake. Vyombo vingi hutuniwa kwa kuiweka A kwenye 440. Wao wakaiweka 449. Kinanda ni suala la kubadilisha tarakimu kwenye skrini. Gitaa linataka sikio.

Nimemwona akilitunia. Anauacha mlio utambe, anapiga waya wa tatu ambao kwa kawaida unakaa hezi 196, kisha anaukaza taratibu kuuelekeza 200. Mwanzoni sauti mbili zinagombana, unasikia mawimbi ya haraka, wau-wau-wau-wau. Anakaza kidogo zaidi, yanapungua, wau, wau, na nafasi kati yake inarefuka. Kisha yanakwisha, na huwezi tena kusema mlio uko wapi na waya uko wapi. Hapo anaachia kifungo, anahamia waya unaofuata.

Kuna faida moja ambayo hawakuitarajia. Umeme hautulii kwenye 50 kamili. Unacheza juu na chini kwa sehemu ndogo sana. Ukipanda hadi 50.2 huku kinanda kimesimama kwenye 50, tofauti hiyo ndogo inaleta wimbi moja kila sekunde 5. Kwa hiyo wimbo wa kwanza, ambao kwenye karatasi ni noti moja kwa dakika 6, unapumua. Hakuna aliyeupanga uvimbe na kupungua. Mimi ningeweza kukaa na wimbo huo peke yake jioni nzima.

Ziwa

Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, ili samaki na dagaa wapate muda wa kuzaliana. Kwa watu wa Kibirizi, ufukwe wetu wa wavuvi, hicho hakikuwa kipindi cha kusikiliza ziwa. Kilikuwa kipindi cha kutafuta hela ya unga, na sitaki mtu asome sehemu hii akadhani natukuza ukimya ule.

Lakini mpiga kinanda alikwenda na kinasa sauti chake, kipaza sauti kikiwa kimefungwa kipande cha blanketi kuzuia upepo, na alichorudi nacho ni kitu adimu. Anayeifahamu Kibirizi anajua mambo yanavyokwenda. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za betri na za sola. Mbalamwezi ikiwa kali, mwanga wa taa haukusanyi dagaa, wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo usiku wa kimya ufukweni kwa kawaida ni usiku mweupe. Usiku wa giza una injini, una watu wanaoitana, una redio. Wakati wa ule mfungo, giza na ukimya vilikuja pamoja. Kwenye rekodi unasikia maji yakipiga ubavu wa mtumbwi uliovutwa nchi kavu, kamba inayokaza na kulegea, mbwa wa mbali, na kwa kitambo kirefu hakuna zaidi. Dakika ya saba inapita injini moja, nadhani boti ya abiria. Hiyo ndiyo nyimbo ya nne, dakika 8 na nusu, na juu yake gitaa linaingia mara tatu tu.

Nimewashauri waandike kwenye maelezo ya wimbo huo mahali na majira iliporekodiwa. Mtu wa Kigoma akijua ni ufukwe wa Kibirizi wakati wa mfungo wa 2024, hahitaji kuelezwa zaidi.

Masta

Miksi ilipokamilika tukaipima. Kwa kipimo cha LUFS, kinachopima ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyoupokea (namba ikikaribia sifuri, sauti ni kubwa zaidi), albamu ilikuwa na wastani wa -19, na kati ya sehemu ndogo kabisa na kubwa kabisa kulikuwa na tofauti inayozidi desibeli 20. Ziwa lilikuwa chini sana. Kilele cha wimbo wa tatu, gitaa likiwa limepandishwa hadi amplifaya inaunguza sauti, kilikuwa juu sana. Tofauti hiyo ndiyo utunzi wenyewe. Muziki huu hauna mashairi ya kukuambia sasa tumefika. Unafika kwa kukua.

Kazi ikatumwa nje ya mkoa kufanyiwa masta, yaani marekebisho ya mwisho ya sauti kabla ya kuachiwa, ikarudi ikiwa -8. Aliyeifanya ni mtu mwenye uwezo, na kwa singo ya kuchezwa klabu hiyo ingekuwa kazi safi. Ila kompressa, kifaa cha kubana sauti, ilikuwa imeshusha vilele vyote na kuinua kila kilichokuwa chini. Maji ya Kibirizi yalikuwa na kelele sawa na kilele cha wimbo wa tatu. Mbwa wa mbali akawa mbwa wa mlangoni.

Kinachouma zaidi ni kwamba hasara ile haikununua chochote. Spotify kwa kawaida husawazisha nyimbo kuelekea -14. Ukiipelekea kazi ya -8 inaishusha desibeli 6, na kilichobaki ni muziki ulioshindiliwa ukichezwa kwa sauti ndogo. YouTube nayo hushusha zinazozidi. Ukubwa wa sauti ulioupata kwa kuuvunja wimbo unanyang'anywa mlangoni. Tulirudi kwenye miksi, tukapandisha kidogo sana, tukaishia -18 na vilele vikiwa kwenye -1. Albamu itasikika chini kuliko zile zinazochezwa kabla na baada yake. Mpiga gitaa alisitasita hapo, akauliza kama watu hawataona ni kazi dhaifu. Nilimwambia anayetaka kuisikia atapandisha sauti kwa mkono wake. Kwenye hili sina shaka hata kidogo.

Kilichonihangaisha mimi ni kitu kingine: watu watasikilizia wapi? Spika ya simu haitoi kitu cha maana chini ya hezi 200 hivi. Kwa hiyo mlio wa 50, nguzo ya albamu nzima, kwenye simu haupo. Tuliwatumia watu wachache kipande cha mwanzo kwa WhatsApp na jibu likawa kwamba faili halina sauti. Kwa upande wa pili, Kigoma kama kwingine nchini, sebuleni kuna sabufa, na sabufa imetengenezwa kuinua hezi hizohizo. Wimbo uleule ambao kwenye simu haupo, kwenye sabufa ulitingisha vioo vya dirisha na kufunika kinanda chote.

Njia rahisi ni kupunguza chini kwa ajili ya sabufa na kuwasahau wenye simu, au kinyume chake. Tulichofanya ni kuchukua nakala ya mlio, kuikwaruza kidogo ili itoe hezi za juu yake, 200, 250, 300 na kuendelea, kisha kuichanganya chinichini na ule wa asili. Sikio likisikia ngazi za juu zikiwa zimepangwa kwa hatua za 50, lenyewe linaijaza 50 isiyokuwepo. Kwenye simu mlio ukatokea, mwembamba lakini wa G ileile. Hapo tukapata nafasi ya kuupunguza wa asili kwa desibeli 3 na vioo vikatulia. Hii si siri ya mtu, wanaorekodi besi wanaijua, ila sikuwahi kuitumia kuokoa mngurumo wa umeme.

Wimbo wa tano

Wakati wa kurekodi wimbo wa tano umeme ulikatika. Amplifaya ikazimika katikati ya noti, kinanda kikazimika. Kinasa sauti kilikuwa cha betri, kikaendelea. Kwenye rekodi unasikia mlio uliokuwepo tangu mwanzo wa albamu ukitoweka kwa ghafla, na ndipo unagundua kwamba masikio yako yalikuwa yameuzoea kwa nusu saa nzima. Wao walitaka kurudia. Ninashukuru hawakupata nafasi ya kurudia usiku ule, maana kesho yake waliposikiliza wakaelewa wameshika kitu.

Mpiga kinanda alikuwa na rekodi nyingine, ya bibi yake kule Ujiji akiimba wimbo wa Kiha wa kubembelezea mtoto huku akichambua mboga. Walikuwa wamejaribu kuiweka sehemu mbalimbali na kila mahali iligongana, kwa sababu bibi anaimba kwenye noti zake mwenyewe, hakuulizwa kuhusu 449. Kuna aliyewashauri wapitishe sauti yake kwenye programu ya kunyoosha noti. Ilifanyika kwa majaribio. Ilitoka sauti isiyo ya mtu yeyote tunayemfahamu.

Basi wakamweka hapo, umeme ulipokatika, mahali pekee kwenye albamu ambapo mlio haupo na hakuna wa kugombana naye. Anaimba dakika moja na robo, peke yake, na kikwaruzo cha kisu kwenye sahani ya bati kinasikika. Hatukumwekea mwangwi. Kisha unarudi mlio na wimbo wa sita unaanza. Katika albamu nzima huu ndio uamuzi ninaouheshimu kuliko yote, na ulitokana na kukubali kwamba sauti ya bibi haihitaji kurekebishwa, inahitaji nafasi.

Kukata na kugawana

Hapa ndipo walipopishana. Mpiga kinanda alitaka albamu iwe faili moja la dakika 43, isiguswe. Mpiga gitaa alitaka ikatwe vipande 14, akisema mitandao inahesabu msikilizaji akishapita sekunde 30, na haijali kama wimbo ni wa dakika 2 au 11. Hesabu yake ni ya kweli kwa juu. Faili moja ni hesabu moja, vipande 14 ni hesabu 14. Lakini tangu 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujafikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Ukikata 14, kila kipande kinapaswa kuvuka kizingiti hicho peke yake, na wasikilizaji wa albamu ngeni hupungua kadiri inavyosonga. Vipande vya mwanzo vingevuka, vya mwisho, akiwemo bibi, vingebaki bila kitu. Na wimbo wa pili ukiukata, ile hesabu ya 17 na 23 inabaki haina maana.

Wamekubaliana nyimbo sita, zikikatwa pale muziki wenyewe unapobadilika, na toleo la faili moja litakwenda YouTube kwa anayetaka kukaa nayo. Kwa mtazamo wangu wangeweza hata kufanya tano, kwa kuunganisha ziwa na wimbo wa bibi. Hawakunikubalia.

Mapato wao wawili wanagawana nusu kwa nusu, wameshaandikiana, na usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, ndio unaofuata. Kilichobaki ni fungu la bibi. Mjukuu anasema ni mambo ya familia, yeye ndiye anayemtunza, hakuna haja ya karatasi. Mimi nimepinga waziwazi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwimbaji pia, si mtunzi peke yake, na mwimbaji pekee katika albamu hii ni yeye. Nimependekeza theluthi ya wimbo wa tano iwe yake, iandikwe, na asomewe kwa Kiha mbele ya wanawe kabla ya kuweka kidole. Pia asikilizishwe wimbo huo kwanza, kwa spika nzuri na si kwa simu, aseme kama anaridhia kusikika akichambua mboga mbele ya watu asiowajua. Mpiga gitaa ameafiki yote. Mjukuu ameafiki la kumsikilizisha, la karatasi bado. Mpaka hilo liishe hawaachii albamu, na wanafanya vyema kusubiri.